Gari la Zuhura na mafuta yanayokwisha upesi

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu, na ndugu wengine hamjambo. Naomba mnisaidie mawazo kuhusu lile gari nililolinunua miezi miwili iliyopita. Limetumika Japani, injini yake ni ya cc 1,500, na gia zake ni otomatiki. Katalogi yake inataja kilomita 18 kwa lita kwa kipimo kinachoitwa 10-15, lakini kila nikipiga hesabu napata 9 au 10. Fundi niliyempelekea amesema nibadilishe nozeli zote nne, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, na kabla sijatoa fedha hizo ningependa kuwasikia ninyi kwanza.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Kabla hujalisingizia gari ulafi, inama asubuhi utazame chini yake, kisha unuse. Petroli inayodondoka haihitaji nozeli mpya.

Zuhura: Nimetazama, Babu. Pakavu, na harufu hakuna.

Ali: Dada, badilisha plagi, halafu nunua ile dawa ya kumimina kwenye tangi. Rafiki yangu anaapa kwamba gari lake sasa linakula nusu ya mafuta ya zamani.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nasema atazame chujio la hewa. Gari letu la kwanza lilipona siku ile ile tulipolibadilishia chujio.

Mjomba Idi: Zuhura, marahaba. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie. Gari la Shangazi lilikuwa la kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, na kwa kabureta chujio likiziba mchanganyiko huwa mzito wa mafuta, kwa hiyo alichokiona ni kweli. Gari lako ni la nozeli, na kompyuta yake hupima hewa inayoingia kisha hutoa mafuta kulingana nayo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu jambo hili mwaka 2009 kwa magari ya namna hiyo, ikaona kwamba chujio lililoziba hupunguza nguvu ya gari linapokimbilia mwendo, lakini karibu halibadilishi ulaji wa mafuta. Libadilishe likichafuka, ila usitegemee miujiza. Dawa ya Ali tuiache huko huko kwa rafiki yake. Sasa niambie: hizo 9 au 10 umezipataje?

Zuhura: Ninatazama mshale, Mjomba. Ukishuka hadi nusu nasoma kilomita nilizotembea, kisha nagawanya kwa nusu ya ujazo wa tangi.

Mjomba Idi: Hicho si kipimo, mwanangu. Nusu ya mshale si nusu ya tangi, na magari mengi mshale hukaa juu muda mrefu kisha hushuka kwa kasi. Jaza mafuta mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, na urudishe kihesabu safari kwenye sifuri. Tumia gari kama kawaida, na likikaribia kuisha rudi kwenye pampu ile ile, ujaze mpaka ikate tena, uandike lita na kilomita. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu jazo moja linaweza kudanganya kwa lita moja au mbili. Wakati huo huo niandikie safari zako za kila siku, namba zilizo ubavuni mwa matairi, na namba zilizo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Nozeli zisubiri.

Jumapili, wiki tatu baadaye

Zuhura: Mjomba, nimekamilisha. Jazo la kwanza kilomita 331 kwa lita 33.8, la pili kilomita 362 kwa lita 36.1; la tatu kilomita 318 kwa lita 33.2. Jumla ni kilomita 1,011 kwa lita 103.1, yaani 9.8 kwa lita. Siku za kazi naenda safari nne za kilomita sita sita, na mara mbili kwa siku nawasubiri watoto kama dakika ishirini, injini na kiyoyozi vikiwaka kwa sababu ya joto. Kibandiko cha mlango kinasema 175/65R14, lakini matairi yameandikwa 185/70R14.

Mjomba Idi: Hapo kuna mambo matatu, na la kwanza ni la kufurahisha. Tairi la kibandiko lina kipenyo cha milimita 583, lako lina 615. Aliyekuuzia alilinyanyua gari. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, kwa hiyo dashibodi inakupunja: kila ikisema kilomita 100, umekwenda zaidi ya 105. Safari zako za kweli ni kilomita 1,065 hivi, na ulaji wako ni 10.3.

Ali: Kumbe gari limeongeza mafuta bila kuguswa!

Mjomba Idi: Limeongeza kwenye karatasi, Ali. La pili ni kusubiri. Injini ya kiasi hicho ikinguruma bila kutembea na kiyoyozi kikiwaka hunywa takriban lita 0.8 kwa saa, kwa hiyo dakika zako arobaini ni nusu lita kila siku, na wewe kwa siku ya kazi unatumia kama lita mbili na nusu tu. Sehemu ya tano ya mafuta yako ya siku hizo inaishia mahali ambapo gari halisogei hata hatua moja. La tatu ni ile katalogi. Kipimo cha 10-15 kilifanyika gari likiwa juu ya mashine, injini imekwisha kupata moto, kwa dakika 11 tu, na mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Wewe unawasha injini baridi mara nne kwa siku, na injini baridi hupewa mafuta ya ziada mpaka ipate joto. Kwa kilomita sita, inapoanza kutulia ndipo unapoizima. Kwa matumizi hayo 18 usiitazamie. Hata hivyo 10 bado ni ndogo, na kitu kingine kipo.

Mama Zuhura: Samahani, mimi si mtu wa magari, lakini nilipopanda juzi niliona taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Zuhura: Ile imekuwapo tangu siku niliyolichukua. Nilidhani inaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa.

Mjomba Idi: Dada yangu, umeona alichokipita fundi. Taa hiyo ikiwaka, gia ya juu kabisa imefungwa, na injini inazunguka kwa kasi isiyo na kazi kila ukitoka mjini. Bonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia mpaka izimike. Ikipepesa badala ya kuzimika, hiyo ni hitilafu ya giaboksi, tutazungumza upya. Tena, ukifika nyumbani kesho, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa, uniambie kama kuna yenye moto kuliko wenzake.

Zuhura: Imezimika, Mjomba. Kwa mwendo wa 80 injini ilikuwa inazunguka mara 2,900 kwa dakika, leo ni 2,100. Na ringi ya mbele kushoto ina moto sana.

Mjomba Idi: Breki hiyo inashika hata usipoikanyaga, yaani unaendesha huku unajizuia. Mwambie fundi, si lazima awe yule wa nozeli, afungue kaliperi, yaani kifaa kinachobana breki, asafishe pini zake na kuzipaka grisi ya breki, kisha ainue gurudumu kwa jeki alizungushe kwa mkono ahakikishe linakwenda lenyewe.

Wiki mbili baadaye

Zuhura: Pini moja ilikuwa imekauka kabisa. Nimezima injini ninapowasubiri watoto, tunakaa kivulini. Jazo la leo ni kilomita 372 za dashibodi kwa lita 31.6, nikirekebisha kwa ajili ya matairi napata 12.4.

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillahi. Na nozeli?

Zuhura: Sikuzigusa, Shangazi. Ila Mjomba, ile taa ya bluu ya injini baridi huchukua karibu safari nzima kuzimika, hata mchana wa jua kali.

Mjomba Idi: Mbona hukuniambia mapema! Hiyo huenda ni thamostati, mlango mdogo wa maji ya kupoza injini, iliyokwama wazi, na injini inapoozwa kabla haijapata moto. Jumamosi nitakuja na mashine ya kusoma kompyuta tutazame joto la maji. Likishindwa kuvuka digrii 80 barabarani, tutaibadilisha.

Babu: Mkimaliza la kwake, mje mtazame na langu.