Mgomo wa besiboli 1994: anayelipwa mamilioni naye ana haki ya kugoma?

Wakuu, poleni na majukumu. Naleta hoja iliyotufanya juzi kazini tubishane mpaka chai ikapoa. Mkataba kati ya wachezaji na wamiliki wa timu za ligi kuu ya besiboli Marekani unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na habari za ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho timu haitakiwi kukizidi kwa jumla ya mishahara yake, zimeanza kusikika tena. Jamaa mmoja akasema, "Wakithubutu kugoma kama 1994 watimuliwe wote. Mtu ana mamilioni benki, njaa anaijua wapi?" Meza nzima ikacheka na kumuunga mkono. Nikabaki peke yangu, kwa hiyo nimekuja kutafuta wenzangu, au wa kunirekebisha.

Kwa wasioujua mkasa wenyewe: usiku wa 11 Agosti 1994, mjini Oakland, Randy Johnson wa Seattle alirusha mpira, Ernie Young akaukosa, mchezo ukaisha 8 kwa 1, na hapo msimu ukawa umekufa. Kesho yake wachezaji wakagoma. Tarehe 14 Septemba Bud Selig akatangaza kwamba hakuna tena ligi wala fainali. Fainali hiyo haikuwa imekosekana tangu 1904. Vita Kuu mbili zilipita na watu wakacheza. Mgomo ulidumu siku 232.

Sasa huyo Selig ni nani? Alikuwa akikaimu ukamishna, yaani ndiye msimamizi wa mchezo wote, na papo hapo ni mmiliki wa Milwaukee Brewers. Kamishna aliyemtangulia, Fay Vincent, wamiliki walimsukuma nje 1992. Fikiria mechi ya mtaani ambayo filimbi kashika tajiri wa timu mojawapo.

Walichotaka wamiliki: mapato yagawanywe nusu kwa nusu, mishahara iwekewe ukomo, na utaratibu wa mchezaji kupeleka madai ya mshahara kwa msuluhishi ufutwe. Sababu yao ni kwamba timu za miji midogo zinakufa. Hoja si mbovu ukiisikia juu juu. Shida ni nani anayeitoa. Miaka ya 1985 hadi 1987 hao hao walikula njama ya kutowapa ofa wachezaji waliomaliza mikataba, wakabainika, na mwisho wakalipa fidia ya dola milioni 280. Halafu tarehe 1 Agosti 1994, mazungumzo yakiendelea, wakashikilia dola milioni 7.8 walizopaswa kupeleka kwenye mfuko wa pensheni na marupurupu ya wachezaji. Aliyekuchomoa pochi jana, leo anakuja kukuomba umwamini kwamba duka lake halina faida. Utamwamini?

Na kuna Montreal. Hapa ndipo roho inaniuma, nivumilieni. Montreal Expos ilikuwa miongoni mwa timu zenye mishahara midogo kabisa kwenye ligi. Kocha wao Felipe Alou, mtu wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa na mwanawe Moisés uwanjani, pamoja na Larry Walker, Marquis Grissom na kijana mwembamba wa kurusha mipira, Pedro Martínez. Ligi iliposimama walikuwa wameshinda 74 na kupoteza 40, hakuna timu iliyowazidi, na Atlanta Braves walikuwa nyuma yao kwa michezo sita. Yaani kiangazi kile kile wamiliki walipokuwa wanalia kwamba timu maskini haiwezi kushinda, timu maskini ilikuwa inaongoza!

Lakini ndiyo hiyo iliyoumia kuliko zote. Mgomo ulipokwisha, mwenye timu alikuwa anatafuta pa kupunguza gharama. Grissom akapelekwa Atlanta, kwa wale wale aliokuwa anawaburuza, Wetteland akaenda New York, Hill akaenda St. Louis, Walker akaachwa aondoke. Yote hayo kabla msimu wa 1995 haujaanza. Miaka kumi baadaye timu yenyewe ikahamishiwa Washington. Sitasema mgomo peke yake ndio uliowaua, uwanja wao ulikuwa na matatizo yake na wenye hisa walikuwa wagumu kutoa hela. Ila ule ndio mwaka waliokuwa nao.

Msimamo wangu: wachezaji walikuwa sahihi. Ukubwa wa mshahara haubadilishi swali la nani anapanga bei ya kazi yako. Nawasilisha, tujadili bila matusi.

Mchangiaji wa 1

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kitu. Mshahara wa chini kabisa mwaka ule ulikuwa dola 109,000, na wastani wao kama milioni 1.2. Huyo unamfananisha na mwalimu wa shule ya msingi anayedai malimbikizo? Neno mgomo mnalichezea. Pili, mpira wa Kimarekani uliweka ukomo mwaka huo huo wa 1994 na haujafa. Besiboli hawana mpaka leo, matokeo yake mchezaji Juan Soto kapewa mkataba wa dola milioni 765 na timu tajiri ya Los Angeles, Dodgers, imebeba ubingwa 2024 na 2025 mfululizo. Shabiki wa timu ndogo kama Pittsburgh ananunua tiketi ya nini?

Mchangiaji wa 2

Mimi niwakumbushe ya mamluki, maana hamjayagusa. Mapema 1995 wamiliki waliita watu wa kujaza nafasi: waliostaafu, wa ligi za chini, na wengine waliokuwa na kazi zao za kawaida kabisa. Wakati huo Michael Jordan alikuwa ameacha kikapu anajifunza besiboli, msimu wa 1994 alicheza ligi ya chini pale Birmingham, na kusema ukweli kupiga kwake kulikuwa kwa kawaida sana. Alipotakiwa kucheza mechi za maandalizi na mamluki akakataa, akafunga mabegi, Machi akarudi Chicago Bulls. Kwa hiyo sisi watu wa kikapu tunaushukuru mgomo. 😂 Na mmiliki wa Baltimore, Peter Angelos, aligoma kuingiza mamluki kabisa. Huyo alikuwa wakili wa kutetea wafanyakazi kabla hajawa tajiri wa timu.

Mleta mada

Mchangiaji wa 1, huyo mwalimu wako angepewa nafasi ya kuhamia shule inayolipa zaidi, angehama? Mchezaji wa besiboli hakuwa nayo nafasi hiyo kwa miongo mingi. Curt Flood aliuzwa kwenda Philadelphia 1969, akakataa, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa 1972, wakati uchezaji wake ulishakwisha. Uhuru ulikuja 1975 kwa uamuzi wa msuluhishi. Kwa hiyo 1994 walikuwa wanalinda kitu chenye miaka 19 tu.

Na mahakama ilisema nini? Desemba 1994 wamiliki walijiwekea ukomo wenyewe bila makubaliano. Clinton aliwaita Ikulu Februari, wakatoka mikono mitupu. Tarehe 31 Machi 1995, jaji mmoja wa New York aliyekulia kwenye nyumba za serikali kule Bronx alitoa zuio, masharti ya zamani yakarudi, na mchezo ukaanza tena Aprili. Jaji mwenyewe ni Sonia Sotomayor, ambaye leo yuko Mahakama Kuu. Hakuwapa wachezaji hata senti. Aliwaambia wamiliki warudi mezani.

Nakubali moja. Mashabiki walikasirika na walikuwa na haki. Kwenye uwanja wa Mets, timu ya New York, watatu waliruka uzio wamevaa fulana zenye neno "Uroho", wakawamwagia wachezaji noti za dola moja. Mahudhurio ya 1995 yalishuka kwa karibu asilimia 20.

Ila mimi hasira yangu iko kwingine. Nilipofika hapa Marekani niliuza maji na karanga uwanjani msimu mmoja, sanduku shingoni, ngazi juu ngazi chini, ukilipwa kwa ulichouza. Mvua ikiahirisha mchezo unarudi nyumbani na nauli uliyojia. Siku 232 za hivyo sijui ningeishije. Watu wa aina ile hawakupiga kura ya mgomo wala hawakuitwa Ikulu. Hata wachezaji wa ligi za chini, waliotegemewa kujaza nafasi za mamluki, chama hicho hicho cha wachezaji hakikuwapokea kama wanachama mpaka 2022.

Mchangiaji wa 1

Sasa hapo si unanisaidia mimi?

Mleta mada

Nakusaidia nusu. Nusu nyingine nenda kamuulize mwenye timu ya Montreal aliwalipa nini wauza karanga wake.