Kipoozi cha ndani ya spindeli: je, tukilipie?

Mkerezaji, Jinja
Ndugu mafundi, salaam. Karakana yetu hutengeneza vipuri vya viwanda vya sukari, na sasa tunaagiza mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kusaga na kutoboa. Muuzaji anatoa, kwa malipo ya ziada, kipoozi (kimiminika cha kupoza) kinachopita ndani ya spindeli, yaani mhimili unaoizungusha biti, hadi kwenye ncha ya biti, kwa shinikizo la baa 20 au baa 70. Kazi yetu kubwa ni matundu ya milimita 8 yenye kina cha milimita 80 katika EN24, chuma cha aloi chenye nguvu, na hulazimika kuichomoa biti kila mara ili itoe chenga, yaani vipande vya chuma vinavyokatwa. Muda unapotea na biti zinakatikia ndani. Je, mabomba ya nje ya kumwagia kipoozi hayatoshi?

Fundi wa Namanve
Kwa kazi hiyo hayatoshi, ndugu yangu. Katika tundu lenye kina mara 10 ya kipenyo, chenga zinazopanda hukizuia kipoozi cha nje kabla hakijafika chini, ambako ndiko joto liliko. Kwa biti ya kabaidi (kitu kigumu sana cha kukatia chuma) yenye vitundu vya ndani, toboa kwanza tundu fupi la kuongoza, ingiza biti ndefu ikizunguka polepole, fungua kipoozi, kisha ongeza mwendo na ushuke hadi mwisho bila kuichomoa. Tena agizeni sasa hivi, kwa sababu kukiongeza baadaye humaanisha kufungua spindeli yenyewe.

Msimamizi wa karakana, Kampala
Nakubaliana naye, ila matundu ya namna hiyo yakiwa machache kwa mwezi, mimi nisingelipa. Kwenu ni kazi ya kila siku, kwa hiyo lipeni, na ningechagua baa 70, maana kadiri biti inavyokuwa nyembamba ndivyo vitundu vyake vinavyohitaji shinikizo kubwa zaidi. Msisahau chujio zuri: chenga ndogo zikipita huziba biti na kula kiungo kinachozunguka juu ya spindeli. Katika kusaga chuma kigumu kwa kabaidi, fungeni kipoozi na mtumie hewa, kwani ncha inayopashwa moto na kupozwa ghafla hupasuka. Kabla ya kutia saini, muuzaji aandike kwenye ankara bei ya chujio, holda na koleti (vishikio vya biti) zinazoziba vizuri, kwa kuwa bei ya pampu peke yake haionyeshi gharama yote.