Gobori la fataki la marehemu babu, jee linageuzika likatumia risasi za sikuhizi?

mtoto_wa_wete
Assalamu alaykum wakuu. Nipo shamba kwa bibi huku Wete, juzi tukisafisha darini tumetoa bunduki ya marehemu babu, ile ya kushindilia kwa mdomoni, mdeki wake (kile kijiti cha chuma cha kushindilia) bado upo chini ya mtutu, ina nyundo kubwa pembeni na kijichuchu cha kuvalisha fataki. Mjomba anasema Wazungu zamani walikuwa wakizigeuza hizi, unatia risasi kwa nyuma unafyatua. Kuna ukweli? Na jee fundi wa kuchomelea wa hapa ataweza? Nguruwe wanatumalizia mihogo, sio kama nina ugomvi na mtu 😂

kibaraza_cha_malindi
Waalaykum salaam. Mjomba hajakosea. Mwaka 1864 Waprusi waliwapiga Wadenishi na bunduki za kutia kwa nyuma, Waingereza wakashtuka, maana maghala yao yamejaa Enfield za 1853, bunduki za jeshi lao za kushindilia, na kuzitupa hawataki. 1866 wakachukua mtindo wa Mmarekani mmoja Jacob Snider: unakata sehemu ya juu ya mtutu kule nyuma, kama inchi mbili na nusu hivi, unaweka kizibo chenye bawaba upande wa kulia. Ndani ya kizibo mna pini imepita kimshazari, kwa hiyo nyundo ileile ya zamani inagonga pini, na pini inakwenda kugonga fataki iliyo katikati ya kitako cha risasi. Nyundo ya zamani, mbao ya zamani, mtutu wa zamani! Askari aliekuwa akipiga mara tatu kwa dakika akawa anafika kumi. Snider mwenyewe masikini kafa mwaka huohuo, pesa hajazifaidi.

Wamarekani nao pale Springfield, kiwanda cha bunduki cha serikali yao, mtu wao Erskine Allin, kizibo chake kinafunguka kwa juu. Ile ya 1866 waliuchokoa mtutu wa tundu la inchi .58 wakautia mtutu mwengine mwembamba ndani wa inchi .50 wakauunga kwa moto. Na Snider huku kwetu zilifika, jeshi la Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilolianzisha Muingereza Lloyd Mathews 1877 lilikuwa nazo.

welda_mkoani
Lete tu yakhe, nnayo grainda na mashine, siku moja kwisha kazi 😂😂

mzee_wa_chake
Wewe welda wacha mchezo, utamtoa mtu jicho. Zile zilifanywa kiwandani, kila mtutu ukapimwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida kabla askari hajaushika, na risasi yake ilikuwa ya baruti nyeusi, nguvu zake ndogo. Risasi za sikuhizi ni baruti isiyo moshi, presha yake ni nyengine kabisa, na mitutu mingi ya zama zile ni bati la chuma limekunjwa likaungwa ubavuni, miaka yote hio darini na chumvi ya bahari, kutu imekula wapi hujui mpaka siku inapopasuka, na inapopasuka shavu lako liko hapohapo. Tena bunduki bila kibali ni kesi, na kuigeuza ni kesi juu ya kesi.
Mtoto wa Wete, hebu tazama ubavuni karibu na nyundo pameandikwa nini na ndani ya mtutu mna mifuo, ile mistari ya kuchongwa ya kuizungusha risasi?

mtoto_wa_wete
Ina taji na neno TOWER, mwaka hauonekani. Ndani nimemulika na simu, laini tupu.

mzee_wa_chake
Basi hio si Enfield, Enfield ya 1853 ina mifuo mitatu inazunguka ndani. Hio TOWER, chapa ya ghala la silaha la serikali kule London, isikubabaishe, Birmingham na hata Liège kule Ubelgiji walikuwa wakipiga chapa hio kwenye bunduki za biashara za kuletwa Afrika, mnunuzi aone ni ya serikali. Za namna hio zilishushwa bandarini Unguja kwa maelfu, zikapanda bara na misafara ya pembe. Hata mkataba wa Brussels wa 1890 uliobana bunduki za mifuo na za kutia nyuma uliziachia gumegume (za kuwasha kwa jiwe) laini na baruti ya kawaida. Kugeuza hio hata Muingereza mwenyewe asingejisumbua, na ukiikata tu imeshapoteza thamani.
Ila kabla ya yote, babu aliiweka tupu? Nyundo usiiguse. Chukua kijiti cha mbao, sio mdeki wa chuma, na usikae mbele ya mdomo, kitelezeshe taratibu mpaka kikwame, tia alama, halafu ukilaze juu ya mtutu kwa nje uone kimefika wapi.

mtoto_wa_wete
Mzee, kimeishia kama vidole vitatu kabla ya kufika penye kijichuchu 😳

mzee_wa_chake
Ingekuwa tupu kingefika penye kijichuchu. Hio ina baruti na risasi ndani. Usiichokoe, usiimwagie maji, usimpe welda. Ilaze mdomo uelekee ukuta mnene, watoto watoke chumba hicho, mfate sheha sasa hivi awapigie polisi waje wao kuichukua. Habari ya nguruwe ongea na wasasi wenye mbwa.