Pampu za kuingiza maji kwenye boila zinanunuliwa kwa presha ya kazi. Huu ni uzembe na utaua watu!

Wakuu, hili lisemwe wazi. Boila za kuni kwenye viwanda vya chai bado zinaandikiwa zabuni hivi: "presha ya kazi bar 7, pampu mita 100" (mita ni kimo ambacho pampu inaweza kusukumia maji). Valvu ya usalama imesetiwa kufunguka bar ngapi? Hakuna anayeuliza, na hiyo ndiyo namba ya kwanza kuulizwa.

Kanuni za boila za ASME (chama cha wahandisi mitambo wa Marekani), Sehemu ya I, kifungu PG-61, hakipimi pampu kwa presha ya kazi. Kinataka iweze kuingiza maji kwa presha inayozidi kwa asilimia 3 ile ya valvu ya usalama iliyosetiwa juu kuliko zote. Valvu ikifunguka mvuke unatoka kwa tani, maji yanashuka, na presha ndani bado iko juu. Pampu dhaifu hapo inazunguka bure.

Pigeni hesabu. Boila ya tani 4 kwa saa, valvu bar 10, maji ya tangi nyuzi 85. Ongeza asilimia 3 upate bar 10.3. Zidisha kwa 10.2 (bar moja ni mita 10.2 za maji baridi), gawanya kwa 0.969 kwa kuwa maji ya moto ni mepesi: mita 108. Valvu ya kurekebisha maji ikila bar 1, ni mita 10 na nusu. Bomba, chujio na valvu ya kuzuia maji kurudi, weka mita 6. Jumla 125, kabla ya kurekebisha tofauti ya kimo kati ya tangi na boila. Mita hizo zipatikane maji yakiwa yanatoka: tani 4 na asilimia 5 ya kumwaga tope ni kama mita za ujazo 4.3 kwa saa, ongeza asilimia 20 ufike 5.2.

Ile "mita 100" ya kwenye kibao cha pampu mara nyingi ni hali ya bomba kufungwa, hata tone halipiti. Kwa maji ya moto ni bar 9.5. Yaani pampu imekwisha kushindwa kabla valvu ya bar 10 haijafunguka! Kwenye bar 7 inajaza vizuri kila siku, ndiyo maana inapitishwa. Na msijaribu kwa maji baridi mkashangilia geji, maana mita hizo hizo zitaonyesha 9.8.

Halafu zabuni inasema "pampu mbili" tu. Kwa kifungu hicho hicho, boila yenye eneo la kupasha maji zaidi ya futi za mraba 500 lazima iwe na njia mbili za kuingiza maji. Kwa kuni zinazowaka juu ya chanja za tanuru, njia moja isikatike kwa sababu ile ile inayokata nyingine. Pampu mbili za umeme kwenye bodi moja ya umeme zinakufa pamoja. Umeme ukikatika, feni za vikaushio vya chai zinasimama, mvuke hauna pa kwenda, moto wa kuni hauzimiki kwa swichi, presha inapanda, valvu inafunguka, maji yanaisha. Swichi ya kukata moto maji yakipungua itasaidia nini hapo? Wekeni injekta (inayosukuma maji kwa mvuke wa boila yenyewe) au pampu ya mvuke, au ya dizeli, nayo ipimwe kwa bar 10.3 hiyo hiyo.

Mafundi wa Mufindi, nyie mna tatizo la ziada. Kwenye mita 1,900 juu ya bahari hewa ina kama bar 0.8 tu. Maji ya nyuzi 85 yanayoipa pampu NPSH (akiba ya presha upande wa kunyonya, inayozuia maji yasichemke ndani ya pampu) ya mita 4.6 pale Tanga mjini, usawa wa bahari, huko yanabakiza 2.4, kabla ya kimo cha tangi na msuguano. Ukiyapandisha hadi nyuzi 90 inabaki kama 1.1. Pampu inaanza kulia kama imejaa kokoto, impela (gurudumu linalosukuma maji) zinalika, na mita zile 125 hazifikiwi tena. Eti mnalaumu pampu "feki"! Pandisheni tangi, ongezeni kipenyo cha bomba la kunyonya, toeni viwiko visivyo na kazi.

Zabuni isiyotaja presha ya valvu, joto la maji na mwinuko wa kiwanda irudishwe. Na muuzaji alete grafu ya pampu, si picha ya kibao.