MREJESHO: Binti aliyewekwa daraja la 2 kwenye chialidingi, hatukuhama klabu

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa 5 nilikuja hapa nikilalamika: binti yangu wa miaka 11, huku Texas, kapangwa timu ya daraja la 2 ya chialidingi (mchezo wa timu wa sarakasi na kurushana juu; daraja likipanda, mitindo inakuwa migumu zaidi) wakati wenzake wamepanda la 3, na klabu ya jirani ikamwahidi la 3 papo hapo. Asanteni sana mlionijibu.

Nilimsikiliza dada aliyesema nisihame kwa hasira, niombe kwanza kikao na kocha, mtoto asiwepo. Kocha akanionyesha video. Daraja la 3 wanapiga sarakasi ya kinyumenyume hewani bila mikono kugusa chini. Wangu anatua kwa magoti. Niliishiwa maneno. Na aliyenihimiza nisome mkataba, Mungu ambariki: kumbe ningehama katikati ya msimu, ada iliyobaki ningeilipa yote, na hela ya sare hairudi (sare yenyewe, ukiipiga kwa shilingi, unaezeka banda la kuku likabaki chenji).

Kilichogoma: nilitaka aendelee kuwa yule anayerushwa juu. Wamemweka chini, abebe wenzake. Wiki mbili alinuna kwenye gari, riboni ya nywele kaikunja mkononi. Shoga yake naye alihama, siku hizi hawasalimiani. Hilo limenishinda.

Sasa kila Alhamisi ana mazoezi ya ziada ya sarakasi. Juzi katua kwa miguu mara 2 kati ya 5. Majaribio mengine ya kupanga timu ni mwezi wa 5 ujao.