Tupeane uzoefu: kugeresha kwenye poka, nini kinafaa na nini kinaharibu

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum wana barza. Vijana wengi, Mjini Unguja na hata Chake kule Pemba, wamekulia kwenye mchezo wa karata wa wahedi na sitini, na sasa wameshika poka ya karata mbili mkononi na tano mezani. Kucheza wanajua. Kugeresha, yaani kuweka kete kama mwenye karata nzuri ilhali huna, ili wenzako waogope watupe, bado: ama wanageresha kila mkono, ama hawathubutu kabisa. Tupeane uzoefu, ila naomba tuache masimulizi ya "nilimpiga fulani nikamtoa". Weka unachokijua kwa namna ambayo mtu ataweza kukitumia usiku huu huu baada ya Isha.

Tunazungumzia kete za bao. Anayetafuta mchezo wa fedha, hapa si pahala pake. Na ili tuelewane: ree ni A, mzungu wa nne ni K, wa tatu ni J, wa pili ni Q. Kitita ni kete zote zilizokwisha kuwekwa katikati. Za mezani zinafunuliwa tatu pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila mara watu wanaweka kete. Kufuata ni kuweka sawa na mwenzako, kupandisha ni kuweka zaidi yake, kutupa ni kuacha karata na kutoka kwenye mkono, kupisha ni kupitisha zamu bila ya kuweka.

Komwe64
Waalaykum salaam. Kabla ya mbinu, tazameni kete zenu. Bao moja lina kete 64. Watu wanne wakigawana mabao mawili, kila mtu ana 32, na kwa kete hizo geresha haina nafasi. Hesabu hii hapa: kabla ya karata watu wawili wanaweka dau la lazima, mmoja 1 na mwengine 2, mmoja anapandisha hadi 5, mwenye 2 anafuata, aliyeweka 1 anatupa. Kitita kina 11, kila mmoja kabaki na 27. Karata tatu zikifunuliwa ukaweka 6 ukafuatwa, kitita ni 23 na wewe una 21. Karata ya nne tu umeshamaliza kete zote, huna tena la kumtishia mtu.

Tafuteni mabao manne, kila mtu 64. Mkono ule ule: 6 kwenye karata tatu, kitita 23, 14 kwenye ya nne, kitita 51, zinabaki 39 za karata ya tano. Hapo mwenzako anajua tangu mapema kuwa bado kuna 39 zinakuja, na ndiyo inayomfanya atupe.

Jambo la pili: aliyekwisha kete asijazwe nyengine. Asubiri raundi nzima iishe. Kete zikipatikana bure kila mtu atafuata mpaka mwisho, na mtu asiyeogopa kupoteza hagereshiki.

Maalim wa Hesabu
Kila geresha ina bei, na bei hiyo inahesabika. Chukua unachoweka, gawa kwa kitita ukijumlisha na hicho unachoweka. Kitita 20, ukaweka 10: kumi kwa thelathini, yaani mwenzako akitupa zaidi ya mara moja katika tatu, umefaidika. Ukiweka 15 ni kama asilimia 43. Ukiweka 20 kamili, lazima atupe zaidi ya nusu ya mara. Zile 39 za Komwe64 juu ya 51 pia zinaangukia kwenye asilimia 43.

Wengi wanaharibu hapa: wanageresha watu watatu kwa mpigo. Tuseme kila mmoja anatupa mara 60 katika 100. Kwa mtu mmoja inatosha. Wawili wote kutupa ni mara 36, na watatu ni 21 na kidogo. Zuga mtu mmoja, wawili ikibidi sana.

Na kiasi cha kugeresha? Kwenye karata ya tano, ukiwa na tabia ya kuweka sawa na kitita, geresha moja kwa kila mikono miwili ya kweli. Ukiweka nusu ya kitita, moja kwa mitatu. Ukizidisha, mwenzako mwenye akili atakufuata kila mara na atakuwa sahihi.

Bint Wete
Ahsante Maalim, lakini hesabu peke yake haimtupishi mtu karata. Mwenzako anasoma hadithi yako tangu mwanzo, na ikikatika pahala anafuata. Ukipisha kwenye karata tatu, ukapisha ya nne, halafu karata ya tano isiyo na maana ukaweka rundo, anajiuliza: karata gani hiyo iliyokuwa nzuri muda wote na haikusema kitu? Kabla hujaweka kete, taja moyoni mikono miwili ya kweli ambayo ungeicheza hivyo hivyo kuanzia mwanzo. Ukishindwa kuitaja, pisha.

Geresha bora kwa anayejifunza ni ile yenye akiba. Una shupaza mbili, mezani zimeshuka mbili nyengine. Shupaza zilizobaki ni tisa. Unataka ya tano, maana karata tano za aina moja ni mkono mkubwa. Kwenye karata tatu, kwa mbili zinazokuja, unaipata kama mara 35 katika 100. Ikibaki moja, kama mara 20. Sasa rudi kwa Maalim: kitita 20, unaweka 10 kwenye karata ya nne. Kwa karata tupu ulihitaji atupe mara moja katika tatu. Kwa hizo shupaza tisa, ikiwa hakuna kinachowekwa tena baadaye, kutupa mara moja katika kumi kunatosha. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha.

Mfano unaojulikana duniani: fainali ya ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 2003, Chris Moneymaker na Sammy Farha. Moneymaker ana mzungu wa nne wa shupaza na saba ya kopa. Mezani tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, kisha nane ya shupaza. Kwa upande wake shupaza tisa zinamfaa, na tano au kumi yoyote inamkamilishia mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana: karata 15 kwa jumla. Akapandisha hapo. Karata ya tano ikaja tatu ya kopa, hakupata kitu, akasukuma kete zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa, moja mkononi na moja mezani, akatupa. Tazameni alivyopandisha kwenye shupaza ya tatu: hadithi ya shupaza ilianza pale, ya mwisho iliimalizia tu.

Na ree ya shupaza ukiwa nayo peke yake, mezani kuna shupaza tatu, unajua hakika hakuna mwenye shupaza kubwa kuliko zote. Hiyo ni karata ya kugereshea.

Mpiga Kahawa
Nyuso. Mkono unaotetemeka wakati wa kuweka kete, mara nyingi sana ni karata nzuri. Msiukimbilie. Shupaza ya tatu ikishuka na mtu akachungulia tena karata zake, aghlabu hana mbili. Anaangalia kama anayo hata moja. Wewe chungulia mara moja tu mwanzo, ukumbuke.

Muda nao unasema. Ukiwa na karata za kweli ukaweka baada ya pumzi tatu, na ukigeresha pumzi tatu. Kikombe cha kahawa kikae chini kabla ya zamu yako.

Kijana wa Mkoani
Shukran wakubwa zangu. Nikifuatwa nikiwa na geresha, nioneshe au nitupe kimya?

Bint Wete
Onesha, mwanangu, tena upesi. Ukitupa kimya hufichi kitu, kila mtu keshajua. Ukionesha, nusu saa ijayo watakufuata kwa wepesi. Kwa hivyo muda huo usigereshe hata kidogo. Subiri mkono wa kweli, kisha weka sawa na kitita pahala ambapo kwa kawaida ungeweka nusu. Na yule aliyekufuata kwa jozi ndogo, mtie alama moyoni: huyo usimzuge tena usiku mzima.