Mrejesho: Hedazi ndefu kwenye Mustang GT

Wadau, niliwauliza kama inafaa kung'oa hedazi fupi (mabomba yanayotoa moshi moja kwa moja kwenye injini) za Mustang GT yangu, V8 ya lita 5.0, niweke ndefu. Nimeweka, na sijutii hata chembe.

Kilichotutoa jasho ni shafti ya usukani, ile fito ya chuma inayoshuka kutoka kwenye usukani. Hedazi nyingi za Marekani zimepindwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo bomba linagonga shafti. Aliyenionya, asante sana, niliagiza za usukani wa kulia. Hata hizo, fundi pale Grogan, mtaa wa gereji hapa Nairobi, alilazimika kuinua injini kidogo kwa jeki ndipo bomba lipenye kutoka chini. Kati ya bomba na shafti pamebaki upana wa kidole.

Sensa za oksijeni, zinazopima moshi ndani ya bomba, sasa zimekaa chini zaidi, zikataka nyaya ndefu zaidi. Kompyuta ya injini nayo ikapangwa upya.

Nguvu ipo, hasa mshale wa mizunguko ya injini ukipita 4,000 kwa dakika. Nairobi hewa ni nyepesi, tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo nafuu yoyote naithamini. Ila mabomba yamekaa chini: matuta ya barabarani napanda kwa mshazari. Na bolti za hedazi zikazwe tena injini ikishapoa, gasketi (vizibo kati ya hedazi na injini) zisije zikavuja.